Mkono Kwenye Mizani

Dakika ya themanini na tisa, uwanja wa shule, Kitangari.
Mchanga umelegea, mpira haudundi, unazama.
Kipa wa Mnyambe yuko chini, anatema vumbi,
na Deusi Mkadimba ameupiga kichwa
ukaenda taratibu, kama mtu anayerudi kwake.

Mstarini alisimama Chande Nalinga.
Akanyoosha mkono, akaupangua.
Hakukinga uso. Hakuteleza.
Niliviona vidole vyote vitano,
kiganja wazi kama cha anayedai chenji.

Nikapuliza. Nikanyanyua nyekundu.
Nikaonyesha penye alama ya majivu
(chokaa ilituishia nusu fainali).
Kitabu kinasema hivyo, na mimi nilikitii kitabu.

Deusi akapiga.
Mwamba ukalia kama mlango wa ghala.
Sare iliwatosha Mnyambe. Mbuzi akaondoka nao,
na Chande akabebwa juu juu,
mkono ule ule ukipigwa busu na watu wazima.

Nyuma yangu mtu akasema, "Karani, umetuibia."

Karani ni mimi kweli.
Jumapili nina filimbi, siku nyingine nina mizani,
chama cha msingi, msimu wa korosho,
gunia baada ya gunia mpaka macho yanaota mshale.
Mwaka juzi nilikuwa na mwenzangu, Hokororo.
Alikuwa na tabia ya kushika gunia kwa chini,
kama anayemsaidia mtu mzigo.
Kilo moja na nusu, kila gunia, ilibaki kiganjani mwake.

Tulipomnasa, tulimfukuza siku hiyo hiyo.
Watu wakashangilia, wakatawanyika.
Somoe Chilumba hakutawanyika.
Alikalia gunia lake, mtoto mgongoni, akauliza:
"Yeye mmemfukuza. Kilo zangu je?"

Tukapima upya. Tukaandika upya.
Hakuna aliyemwambia, haya mama, shika jiwe hili,
simama hatua kumi na mbili,
ukilenga dirisha la ghala tutakulipa.

Sisemi kila mkono ni wizi.
Kipindi cha kwanza mpira ulimfuata beki wa kushoto,
katoto ka kidato cha pili, ukamgonga kiwiko
naye amegeuka, amefumba macho.
Uwanja mzima: "Mkonooo!" Nikasema chezeni.
Nilitukanwa mpaka na muuza barafu.
Na anayeudaka katikati ya uwanja kuvunja mbio,
njano inamtosha, na faulo yake, tuendelee.
Lakini pale mstarini, kipa chini, mpira unaenda,
mkono ndio uliokwenda kuutafuta,
mpeni nyekundu, halafu liandikeni goli.
Deni halilipwi kwa bahati nasibu.

Mkufunzi wetu, aliyetoka Mtwara mjini, alinijibu kwa upole:
"Goli ni mpira uliovuka. Refa hafungi magoli."
Nikanyamaza. Mchanga wa Kitangari naujua,
nimeshaona mpira ukifia hatua moja kabla ya mstari
na mabeki wakibaki kuutazama kama maiti ya mgeni.
Labda na huu ungekufa.
Labda.
Usiku nikaurudisha kichwani mara arobaini.
Ulivuka mara arobaini.

Jumatatu asubuhi foleni ilifika barabarani.
Wa saba alikuwa Chande, na gunia la mama yake.
Hakunisalimia kama refa, wala sikumwita mwizi.
Alilipandisha mizanini, akarudi nyuma hatua mbili,
kisha, bila kuona haya hata kidogo,
akaitazama mikono yangu.

Nikaiweka mezani, yote miwili.
Akausoma mshale mwenyewe, kwa sauti,
foleni nzima isikie.